Kidevu kilikufa ganzi, tukang'oa jino. Kumbe ni damu (uzi kutoka Lamu)

Mwana wa Langoni

Asalaam aleikum wenzangu, na wasio Waislamu nawasalimu pia. Habari hii nimeiandika mara mbili nikaifuta. Leo naiweka kwa idhini ya mdogo wangu mwenyewe, ambaye amelala hapa ubavuni mwangu.

Ana miaka 24, baharia wa boti za Mokowe na Manda. Si mtu wa kuugua. Mwisho wa kaskazi mwaka jana tulikuwa tumekaa Mkunguni baada ya Isha, kahawa ikaletwa ya moto kabisa. Akanywa huku akisimulia habari za mpira. Nikatazama mdomo wake wa chini, ngozi imebabuka na kunyanyuka, naye anaendelea kusimulia. Nikamwambia, "Umeungua wewe." Akajigusa. "Wapi? Sisikii kitu."

Hapo ndipo aliponiambia kwamba ana wiki nzima, kipande cha kidevu upande wa kulia, kuanzia katikati hadi pembe ya mdomo, kimekufa ganzi. Akinyoa hujikata, akajua tu anapoona damu kwenye taulo. Uso haukupinda, mdomo ulifunga vizuri, ulimi ulikuwa sawa. Na kwa sababu uso ulikuwa sawa, sote tulisema ni jino.

Jino likang'olewa, gego la chini. Lilikuwa na tundu kweli, kwa hiyo aliyeling'oa simlaumu kwa kile alichokiona. Lakini damu ilitoka mpaka alfajiri. Mama alikesha akibadilisha pamba. Ganzi haikuondoka.

Zikafuata homa za jioni. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, akapewa dawa ya malaria hivyo hivyo. Kisha usiku mmoja akirudi kutoka Manda aliona taa za gati zimekuwa safu mbili. Aliendesha boti akiwa amefumba jicho moja, na hakumwambia mtu ila utingo wake. Mama ndiye aliyeona asubuhi: "Mwanangu, yito lako (jicho) laingia ndani."

Tukaenda kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja. Wakasema mshipa wa fahamu umevimba, wakampa tembe za prednisoloni. Jamani, zile tembe zilifanya kazi kama muujiza. Siku ya nne jicho lilinyooka, homa ikakata, akala wali sahani mbili. Mama akatoa sadaka. Tembe zikaisha, na siku kumi baadaye kila kitu kikarudi, tena na zaidi: kichwa kuuma asubuhi, kutapika, na miguu kuanzia goti kwenda chini ikatapakaa vidoa vyekundu vidogo kama alama za ncha ya sindano.

Ami yetu akashauri apigwe chuku, yaani achanjwe mgongoni na kunyonywa damu. Tukakubali. Yale matundu madogo mgongoni yalilowesha mashuka mawili. Hapo nikaogopa. Kulipokucha tukashika boti ya kwanza kwenda Mokowe, tukapanda basi, Witu, Garsen, mpaka Malindi kwa khalati yetu. Pale afisa wa kliniki, binti mdogo tu, hakuanza na jicho wala kidevu. Alimwambia apandishe suruali. Akabonyeza vile vidoa kwa kidole, havikupotea. Akaandika hemogramu, kipimo cha kuhesabu chembe za damu.

Chembe nyeupe 184,000, ilhali mtu mzima huwa kati ya 4,000 na 11,000. Chembe za kugandisha damu 19,000, ilhali hazifai kupungua 150,000. Damu yenyewe (himoglobini) 6.8. Siku hiyo hiyo tukapelekwa Mombasa. Wakamchoma mfupa wa nyonga kuchukua uboho, kisha wakatoa maji ya uti wa mgongo, na ndani ya maji hayo mlikuwa na seli za saratani. Saratani ya damu, ile ya ghafla, ya chembe za limfu.

Tangu kahawa ya Mkunguni hadi hemogramu ya Malindi zilipita wiki tisa. Katika wiki tisa hizo aliangaliwa kinywa, akaangaliwa macho, akapimwa malaria mara nne. Damu yake haikuhesabiwa hata mara moja. Ninachoomba kwa atakayesoma ni hiki: ganzi au kupooza kukija bila sababu usoni mwa mtu wako, mwombe anayemtibu ahesabu damu kabla ya kumpa zile tembe.

---

Bi wa Shella Malindi

Dada hapa. Nimesoma nikaacha sufuria ikaungua.

Mwanangu alikuwa na miaka 6. Kwake ilianza na miguu. Alikataa kutembea kwenda chuoni (madrasa), akawa anataka kubebwa, na mimi nikamchapa, Mungu anisamehe, nikidhani ni uvivu. Usiku analia mifupa. Kisha nikaamka siku moja nikamkuta uso umekwenda upande, jicho la kushoto halifumbi hata usingizini, uji unamwagika. Nyumba yote ikasema kapigwa kofi na shetani, alipita chini ya mbuyu Magharibi. Tukamnywesha kombe, maji ya aya za Kurani, siku saba.

Sidharau kombe. Nilisoma na bado nasoma. Lakini zile siku saba alizidi kupauka, viganja vikawa vyeupe kama karatasi, na tezi za shingo zikatoka kama kokwa za kunazi. Ilikuwa ni ugonjwa huu huu. Sasa yuko mwaka wa pili wa matibabu, na uso umerudi wote. Akicheka huwezi kujua.

Nilitaka kuuliza: yule daktari wetu alisema watoto wengi wenye uso kupooza hawana saratani. Sasa mtu atajuaje?

---

Nahodha wa Kizingitini

Poleni sana. Mimi nina swali la mtu asiyesoma sana. Vidole vyangu viwili, kidogo na cha pete, huwa na ganzi nikishavuta jarife, ule wavu wa kuvulia. Na mama mkwe wangu nyayo zake zimekufa ganzi, anasema anakanyaga pamba. Ana sukari mwaka wa kumi na mbili. Je, sote tukimbilie Mombasa? Damu na ganzi ya kidevu vinakutana wapi?

---

Tabibu wa Barani

Mimi ni afisa wa kliniki, nafanya kazi huku bara ya Malindi. Mwana wa Langoni, pole, na ahsante kwa kueleza mambo kwa mpangilio wa siku zake. Nitajibu kwa urefu kidogo.

Naanza na Nahodha ili alale salama. Ganzi ya kidole kidogo na cha pete baada ya kuvuta kamba mara nyingi ni mshipa wa fahamu (neva) unaobanwa kwenye kiwiko, pale tunapojigonga tukasikia umeme. Nyayo za mwenye sukari nazo ni jambo la kawaida mno. Ganzi nyingi duniani ni sukari, upungufu wa vitamini B12, pombe, virusi, mishipa kubanwa. Saratani ya damu ni nadra, na hata miongoni mwa wenye ugonjwa huo, wanaoanza kwa dalili za neva ndio wachache. Wengi huanza kwa kupauka, homa, kuvuja damu, uchovu na maumivu ya mifupa.

Lakini kidevu ni habari nyingine. Mshipa unaokipa hisia kidevu na mdomo wa chini hupita ndani ya mfupa wa taya na kutokea kwenye tundu dogo chini ya meno ya pembeni. Taya ina uboho. Uboho ukijaa seli za saratani, mshipa hubanwa ndani ya mfereji wake mwembamba, na mtu anapoteza hisia bila kupoteza nguvu. Wakati mwingine seli hizo huwa zimekaa juu zaidi, kwenye utando wa ubongo, pale mshipa unapoanzia. Charles Bell, yule ambaye kupooza uso kunaitwa kwa jina lake, alieleza ganzi ya namna hii mwaka 1830 kwa mwanamke mwenye saratani ya titi. Kwa hiyo kidevu kikifa ganzi bila kipigo, bila kung'oa jino, bila jipu la jino, sisi tuliofunzwa tunapaswa kushtuka. Hapa pwani tuna sababu nyingine ya kushtuka: limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za limfu ambayo hupenda taya za watoto katika maeneo yenye malaria. Nayo inaweza kuanza kwa ganzi ya kidevu, meno kulegea, au miguu kupooza ghafla.

Jicho kuingia ndani, yaani kuelekea pua, ni kushindwa kwa mshipa wa sita wa kichwa, unaovuta jicho kwenda nje. Uso kupinda ni wa saba. Hiyo miwili hupatwa mara nyingi seli zinapoingia kwenye maji ya ubongo.

Ipo na njia ya pili, tofauti kabisa. Chembe nyeupe zikipita 100,000 damu inaweza kuwa nzito, ikakwama kwenye mishipa midogo ya damu ya ubongo na mapafu. Hapo mtu huumwa kichwa, huona ukungu, husikia mlio masikioni, huchanganyikiwa, hutembea kama mlevi. Hutokea zaidi katika ile aina nyingine ya saratani ya damu, iitwayo mieloidi. Ni dharura ya saa, si ya siku. Na ya tatu ni chembe za kugandisha kupungua mpaka damu ivuje ndani ya kichwa. Hapo ndugu yako alikuwa karibu, na chuku ilimwongezea hatari. Mtu mwenye vidoa vile vyekundu asichanjwe, asipigwe chuku, asing'olewe jino, wala asipewe aspirini mpaka damu ihesabiwe.

Bi wa Shella, umeuliza mtu atajuaje. Uso uliopooza peke yake, kwa mtoto anayecheza na kula, mara nyingi hupona wenyewe kwa wiki au miezi. Mimi hutazama kilichoandamana nao. Kupauka. Homa isiyoeleweka. Mifupa kuuma usiku. Tezi. Vidoa. Ufizi kutoa damu. Pande zote mbili za uso kupooza, au mishipa miwili tofauti, kama kidevu na jicho. Kimoja tu kati ya hivyo kinatosha kuandika hemogramu, na kuomba damu itazamwe kwa darubini, maana mara nyingine hesabu ya chembe nyeupe huwa ya kawaida au ya chini na seli changa za saratani zinaonekana kwa darubini tu.

Kuhusu prednisoloni, ndugu yetu amesema kweli. Dawa hiyo ni sahihi kwa kupooza uso kwa kawaida, na huanzwa mapema, ndani ya siku tatu. Tatizo ni kwamba dawa hiyo hiyo huua kwa muda seli za lukemia (saratani ya damu) ya limfu. Mgonjwa anapata nafuu, vipimo vinavurugika, ugonjwa unarudi. Kipimo cha damu hakicheleweshi tembe, maana majibu hutoka siku hiyo hiyo.

---

Mwana wa Langoni

Tabibu, umenifungua kitu kilichokuwa kinanikera. Mombasa walipoona damu ni 6.8 hawakukimbilia kumwongezea damu. Walimpa maji ya dripu kwanza na dawa za kupunguza chembe nyeupe. Nilipiga kelele wodini nikidhani wanamdharau kwa kuwa tumetoka visiwani. Kumbe damu ilikuwa nzito tayari?

---

Tabibu wa Barani

Ndiyo. Kumwongeza chembe nyekundu haraka juu ya chembe nyeupe nyingi namna ile kungeweza kuifanya nzito zaidi, ikakwama. Walikuwa wanamlinda. Mkitulia siku moja, wapelekeeni salamu.

---

Binti Mkomani

Samahani, naingilia. Mama yangu alitibiwa saratani ya damu lakini alimeza tembe tu nyumbani, hajawahi kuchomwa mgongo. Mbona huyu kijana anachomwa mgongo? Inatisha.

---

Tabibu wa Barani

Huenda mama alikuwa na ile aina sugu ya mieloidi. Hiyo ina kasoro ya kromosomu iliyogunduliwa mwaka 1960 mjini Philadelphia, na tangu 2001 ina tembe yake, imatinibu, inayofunga ile kasoro yenyewe. Si ugonjwa mmoja, ingawa jina ni moja.

Huyu kijana ni tofauti. Ubongo una ukuta wake unaozuia vitu vingi vya damuni, na dawa nyingi za saratani haziupiti vizuri. Seli zikijificha nyuma ya ukuta huo zinanusurika, kisha zinarudi. Ndiyo maana dawa ya saratani iitwayo methotreksati hutiwa moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo, hata kwa wale ambao hawana dalili ya neva hata moja. Kwa mwenye jicho lililoingia ndani, ni lazima zaidi.

---

Mwana wa Langoni

Niongeze la matibabu, maana hapa napo tulipotea, na sitaki mwingine apotee.

Baada ya sindano ya kwanza ya vinkristini, mojawapo ya dawa zake za saratani, aliumwa taya. Sote tukalia. Tulisema ugonjwa umerudi palepale. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, akatukalisha akaeleza kuwa dawa yenyewe huumiza taya kwa siku chache. Wiki ya tano vidole vya miguu vikafa ganzi, akawa anajikwaa, ncha ya mguu inaburura. Tukadhani ugonjwa umeshuka mgongoni. Kumbe ni dawa hiyo hiyo, inagusa mishipa mirefu ya fahamu. Na inafunga choo vibaya sana, mtu asisubiri siku ya nne kusema.

Nilimwuliza yule muuguzi dawa hii inatoka wapi. Akanipeleka dirishani, akanionyesha kimaua cha waridi kilichoota kando ya ukuta, kile chenye petali tano, kinachoota mchangani hata bila maji. Hapa Lamu kipo kila uwanja. Kwetu kipo kwenye kaburi la babu. Nilikitazama mpaka akanishika bega.

---

Nahodha wa Kizingitini

Kile kimaua? Mama mkwe huchemsha majani yake kwa ajili ya sukari! Basi kama ni dawa ya saratani, si tungechemsha tu?

---

Tabibu wa Barani

Nahodha, hapana, tafadhali. Nakujibu kwa haraka kisha naingia zamu.

Mmea huo asili yake ni Madagaska. Watu wa nchi nyingi waliuchemsha kwa sukari, na miaka ya 1950 huko Kanada, Robert Noble na Charles Beer walipewa majani yake kutoka Jamaika wayajaribu. Sukari haikushuka. Kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu. Kutokana na hapo ikapatikana dawa ya saratani, vinblastini, na baadaye wengine wakapata vinkristini. Kiasi kilichomo kwenye majani ni kidogo mno na hakijulikani sufuria hadi sufuria, na pamoja nacho mna vitu vingine vyenye sumu. Vinkristini yenyewe hupimwa kwa miligramu moja au mbili, huingizwa kwenye mshipa wa damu tu, na ikikosewa ikaingizwa mgongoni huua. Dawa ya namna hiyo haipikwi jikoni. Mwambie mama mkwe aache.

Na niambie: hizo tembe zake za sukari ni zipi?

---

Nahodha wa Kizingitini

Nyeupe kubwa. Metformini. Tangu mwanzo.

---

Tabibu wa Barani

Miaka kumi na mbili ya metformini inaweza kushusha vitamini B12, na B12 ikishuka nyayo hufa ganzi na damu hupungua. Mara nyingi lawama zote hupewa sukari. Mpeleke apimwe hemogramu, na ukiweza B12. Asiache tembe zake kabla ya kuonwa.

---

Bi wa Shella Malindi

Jambo moja kuhusu fedha, maana wengi wananiandikia faraghani. Tulikuwa NHIF, bima ya afya ya serikali, na tangu Oktoba 2024 ni SHA. Usingoje mgonjwa alazwe ndipo ujiandikishe. Ukifika hospitali ya rufaa, nenda dawati la SHA kabla ya dozi ya kwanza, uliza idhini ya saratani inaombwaje, na uandike jina la aliyekuhudumia. Na uweke akiba ya nauli na malazi, hiyo hailipwi na mtu. Mimi nililala kwa jamaa wa jamaa, Kisauni, miezi mitatu, na sikuwa namjua hata kwa sura. Allah amlipe.

Mwana wa Langoni, mtoto wangu akipata homa tu, hata ya nyuzi 38, tunatoka nyumbani saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Kinga yao haipo. Ninyi kutoka kisiwani mnafanyaje?

---

Mwana wa Langoni

Dada, tumehamia Malindi kwa khalati kwa sasa. Bahari usiku, homa mkononi, hapana. Wenye boti wenzake walichanga, kila mmoja siku moja ya mapato, ndizo fedha tunazotumia kula.

---

Nahodha wa Kizingitini

Narudi baada ya siku kumi na moja. Nilimpeleka mama mkwe. Alikataa boti, akasema miguu haisikii ubao atatumbukia majini, tukambeba. Hemogramu: chembe nyeupe sawa, za kugandisha sawa, damu 8.9, na chembe nyekundu wameandika ni kubwa kuliko kawaida. B12 ilipelekwa Mombasa kupimwa, imerudi iko chini sana. Ameanza sindano. Daktari amesema nyayo zitachukua miezi na huenda zisirudi zote, kwa kuwa tumechelewa. Kile kimaua tumekiacha uwanjani.

Kijana aje?

---

Mwana wa Langoni

Alhamdulillahi kwa mama mkwe.

Kijana, uboho wa mwisho ulikuwa safi, na maji ya mgongo safi mara tatu mfululizo. Bado miaka miwili ya dawa mbele, wametuambia tusihesabu mapema. Jicho limenyooka. Vidole vya miguu bado. Kidevu walisema huenda kibaki hivyo.

Jana alikuwa akinyoa kwa khalati, mimi niko barazani. Nikasikia kelele chooni, nikakimbia nikidhani ameanguka. Ameshika taulo, tone la damu kidevuni, upande ule ule wa kulia. Anasema: "Kimeuma."